Mwili wa Mama Si Shamba Tu

Mwezi huu tunaongelea jambo ambalo wengi wetu huliongea kwa kunong'ona: namna mimba inavyotungwa, na hasa kazi ambayo mwili wa mwanamke unaifanya kabla yai lake na mbegu ya baba havijakutana. Wazee wetu mtanisamehe. Mimi ni kijana, bado sijaoa, na ninachojua nimekipata darasani na kwenye vitabu vya biolojia ninavyofundishia. Maneno nitakayotumia ni yale ya hospitali, siyo matusi. Baba akisoma pamoja na mama itakuwa vizuri zaidi.

Sababu ya kuandika ni hii. Kuna ndoa moja katika kijiji chetu hapa kambini ambayo imefika mahali pa kuvunjika. Miaka minne imepita, hakuna mtoto. Ukoo wa bwana umekaa na kuamua kwamba mke arudishwe kwao, ingawa huko kwao ni ng'ambo ya ziwa na yeye mwenyewe hajui ni nani amebaki huko. Kwenye kikao mzee mmoja alisimama akasema: "Mwanaume ni mpanzi, mwanamke ni shamba. Mbegu isipoota, shamba ndilo limekufa." Watu wakatikisa vichwa kukubali, na akina mama pia wakatikisa. Hakuna aliyeuliza kama huyo bwana amewahi kupimwa. Hajawahi.

Sasa mimi nataka kuongea juu ya hilo shamba. Maana hayo maneno ya mzee wetu si yake peke yake, ni ya zamani sana. Aristotle, mtu mwenye hekima wa Ugiriki ya kale, miaka zaidi ya 2300 iliyopita, alifundisha kitu kinachofanana: baba analeta umbo na uhai, mama analeta udongo wa kufinyangia. Mwaka 1677 Mholanzi mmoja wa mji wa Delft, Antonie van Leeuwenhoek, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa na fundi wa kutengeneza lenzi, alitazama manii kwa hadubini yake akaona vidudu vidogo vyenye mkia vinaogelea. Ndizo mbegu za kiume. Baada yake watu wengine wakazidisha, wakafikiri kwamba ndani ya kila mbegu amejikunja mtoto mzima, mdogo mno, anayesubiri tu mahali pa kukua. Mama tena akawa mfuko.

Imani hiyo iliendelea kwa namna moja au nyingine mpaka katikati ya karne iliyopita. Hata pale wataalamu walipojua kwamba mama anatoa yai na kwamba mtoto anarithi kwa wazazi wote wawili, bado walidhani mbegu ya kiume ikitoka kwa baba imekamilika, inakimbia mbio zake yenyewe, na ya kwanza kufika inashinda. Hivyo ndivyo hata sisi tulivyofundishwa shuleni.

Mwaka 1951 watu wawili wakagundua kwamba sivyo. Mmoja aliitwa Min Chueh Chang, mzaliwa wa China aliyekuwa anafanya kazi Marekani. Wa pili aliitwa Colin Austin, na alikuwa Australia. Kila mmoja alifanya utafiti wake mbali na mwenzake. Chang alichukua mbegu mpya za sungura dume akaziweka moja kwa moja kwenye mirija ya sungura jike, karibu kabisa na mayai yaliyo tayari. Ungefikiri zitaingia mara moja. Hazikuingia, au zilifanikiwa chache tu. Lakini alipoziweka mapema, zikakaa saa kadhaa ndani ya mwili wa jike kabla mayai hayajafika, zikarutubisha vizuri. Maana yake nini? Mbegu ikitoka kwa dume ni mbichi. Ina uhai, inaogelea, lakini haiwezi kazi. Mwili wa jike ndio unaoiivisha.

Na kwa binadamu ni hivyo hivyo. Nawaomba mrudie kusoma sentensi hiyo, hasa akina baba.

Sasa tuifuate safari yenyewe. Mwanaume mwenye afya kwa mara moja anatoa mbegu makumi ya milioni, na mara nyingi zinapita milioni 100. Mbegu moja ni ndogo sana: ukizipanga 20 kwa mstari zinatimiza milimita moja. Kutoka mlango wa kizazi mpaka mahali yai lilipo ni kama sentimita 15 au zaidi kidogo. Inaonekana ni karibu, ni urefu wa kalamu. Lakini kwa mbegu ni sawa na mtu mzima kuogelea kilomita 5, tena si katika maji, ni katika uji.

Mwanzo wa safari ni uke. Pale kuna ukali wa asidi, na ukali huo ni ulinzi: unatengenezwa na bakteria wazuri wanaokaa pale kuzuia magonjwa. Mlinzi huyo hachagui, mbegu nazo anaziua. Manii yana dawa ya kupunguza ukali huo kwa muda, lakini mbegu zinazobaki nyuma hufa baada ya saa chache. Nyingi sana zinaishia hapo hapo.

Mlango wa pili ndio unaonishangaza zaidi. Ni shingo ya kizazi, na shingo hiyo imejaa ute. Siku nyingi za mwezi ute huu ni mzito, unanata kama gundi, na mbegu haipiti. Ni mlango uliofungwa kwa ufunguo. Yai linapokaribia kutoka, homoni za mama zinabadilisha ute. Unakuwa mwingi, mwepesi, unang'aa, unavutika kati ya vidole viwili kama ute mweupe wa yai bichi la kuku. Wamama wengi wanaujua, wanafikiri ni ugonjwa. Si ugonjwa, kama hauna harufu mbaya, hauwashi na haujabadilika rangi kuwa njano au kijani. Hiyo ni ishara kwamba mlango umefunguliwa kwa siku chache. Na hata ukifunguliwa, haupitishi kila mbegu. Zenye kichwa kibaya, zenye mkia uliopinda, zisizo na nguvu, zinanasa. Zingine nzuri zinahifadhiwa kwenye vijishimo vya pembeni ya shingo hiyo.

Hapa niseme neno kwa dada zetu wanaofikiri kwamba kuruka, kukojoa au kujiosha haraka baada ya tendo kunazuia mimba. Hakuzuii. Mbegu zinaanza kuingia kwenye ute ndani ya dakika chache tu, na maji hayafiki huko. Lakini kujiosha ndani kwa sabuni, au kuingiza majani na unga wa kukausha kama baadhi wanavyofanya ili kumpendeza bwana, kunaua wale bakteria wazuri na kuacha mlango wazi kwa magonjwa. Maji safi kwa nje yanatosha.

Na tena, wale wanaouliza sindano ya uzazi wa mpango na vile vijiti vya mkononi vinafanyaje kazi, sehemu ya jibu ni ute huo. Dawa zile zinaufanya ubaki mzito mwezi mzima, na pia zinazuia yai lisitoke. Hakuna kinachounguzwa wala kinachooza ndani, kama inavyosemwa bombani.

Tuendelee. Mbegu zilizopita zinaingia kwenye mfuko wa uzazi. Wengi tulidhani zinavuka pale kwa kuogelea tu. Kumbe mfuko wenyewe unazisukuma. Misuli yake inacheza taratibu, mawimbi madogo yanayotoka chini kwenda juu, ambayo mama hayasikii hata kidogo. Mwaka 1996 watafiti wa Ujerumani waliweka punje ndogo sana kwa wanawake waliojitolea, punje zisizo na mkia wala uhai, wakazifuatilia kwa mashine. Ndani ya dakika punje zile zilikuwa zimeshapandishwa kwenye mfuko, na zingine zikafika mpaka kwenye mirija. Tena yai lilipokuwa karibu kutoka, zilipelekwa zaidi kwenye ule mrija wa upande wenye yai. Punje haina macho wala akili, iliyojua upande ni misuli ya mama.

Lakini mfuko huo huo una askari. Chembe nyeupe za damu zinakuja kwa wingi na kula mbegu, kwa sababu kwa mwili mbegu ni wageni. Kwa hiyo yule anayesukuma na yule anayepiga wako nyumba moja. Kutoka zile milioni nyingi, zinazofika mwisho karibu na yai ni mamia, au chini ya hapo.

Zikiingia kwenye mrija wa uzazi, ambao ni mwembamba kiasi cha kuvutia, zinapokelewa vizuri. Ukuta wa mrija una vinyweleo, na mbegu zinajishika pale na kutulia. Zikijishika zinadumu zaidi. Hii ndiyo sababu mbegu ya binadamu inaweza kuishi ndani ya mwili wa mama mpaka siku 5, wakati kwenye nguo ikikauka imekwisha. Yai lenyewe haliishi hivyo. Likitoka kwenye ovari lina saa 12 mpaka 24 tu. Kwa hiyo mara nyingi mbegu ndizo zinamsubiri mwenzao, siyo yai linalosubiri.

Hapo ndipo kule kuiva kunapokamilika, ingawa kunaanza tangu kwenye ute. Majimaji ya mama yanaondoa mafuta ya kolesteroli kwenye ngozi ya mbegu. Ngozi inalainika, chumvi za aina fulani zinaingia, na mkia uliokuwa unapiga taratibu unaanza kupiga kwa nguvu kama mjeledi. Haziamshwi zote pamoja. Nyie mnajua siku ya mgao: watu elfu hawaitwi dirishani kwa mara moja, zinaitwa namba za kwanza, wengine wanakaa chini ya mti. Basi na mbegu ni hivyo. Chache zinaamka, zinafanya kazi kwa muda mfupi, zinachoka, zingine zinaamka. Hivyo kwa siku kadhaa panakuwa na za zamu kila saa.

Zikiamka, zinajuaje njia? Zinapanda kinyume cha mkondo wa majimaji ya mrija, kama samaki anayepanda mto. Na yai nalo linaita. Chembe zinazolizunguka zinatoa homoni ya projesteroni. Mwaka 2011 makundi mawili ya wataalamu, moja la Marekani na moja la Ujerumani, yalionyesha kwamba homoni hiyo inafungua vijimlango kwenye mkia wa mbegu, madini ya kalsiamu yanaingia, na mkia unapiga kwa nguvu zaidi. Mbegu inapofika inakuta yai limevaa koti nene. Ile mbichi haiwezi kulitoboa. Iliyoiva inaweza.

Haya, nani amelima hapo na nani ni udongo?

Nilipowaeleza wanafunzi wangu hayo, msichana mmoja aliuliza kama mwili wa mama basi unaweza kuchagua baba. Swali zuri, na jibu lake linahitaji uangalifu. Mwaka 2020 wataalamu wa Sweden na Uingereza walitangaza matokeo ya kipimo walichofanya kwa watu wenye ndoa waliokuja kutafuta mtoto kwenye hospitali ya Saint Mary's mjini Manchester. Walichukua majimaji yanayolizunguka yai, wakaona yanavuta mbegu za wanaume wengine zaidi kuliko za wengine. Na siyo kila mara yalivuta zaidi za bwana mwenye nyumba! Wavulana darasani walicheka sana. Lakini msikilize. Hicho kilikuwa kipimo cha kwenye maabara, na tofauti ilikuwa ya kiasi tu. Za bwana nazo zilivutwa. Kwa hiyo baba asije akarudi nyumbani akamwambia mama, "Mwili wako umenikataa." Mama hana amri juu ya majimaji hayo, kama wewe usivyo na amri juu ya mapigo ya moyo wako.

Jambo hilo la amri tutalirudia mbele, maana lina uzito. Kwanza tumalize hesabu ya siku, kwa kuwa ndiyo inayowasaidia wanaotafuta mtoto.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 221 waliokuwa wanataka kuzaa. Mimba zote zilitokana na siku 6 tu katika mwezi: zile siku 5 kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe ya kutoka. Siku ya tano kabla, nafasi ya kupata mimba ilikuwa kama 10 kwa 100. Siku ya yai ilikuwa kama 33 kwa 100. Siku iliyofuata, hakuna kitu. Angalieni vizuri hiyo 33. Hata vijana wenye afya, siku nzuri kuliko zote, mara mbili kati ya tatu hakuna mimba. Kwa hiyo miezi mitatu bila mtoto si laana, na si uchawi wa mke mwenza.

Kuhesabu kwake: yai hutoka kama siku 14 kabla ya damu inayofuata. Mama ambaye mzunguko wake ni siku 28, yai hutoka karibu na siku ya 14 tangu damu ilipoanza. Mwenye siku 32, ni karibu na siku ya 18, na siku zake nzuri zinaanzia ya 13. Lakini safari, njaa, hofu na ugonjwa vinavuruga hesabu, na maisha yetu hapa tunayajua. Ishara ya ute inasaidia kuliko kalenda. Anayetaka kuzuia mimba asitegemee hesabu hii peke yake, aende hospitali apewe njia ya uhakika.

Wengine wananiuliza juu ya kupata mtoto wa kiume kwa kuchagua siku. Wale watafiti wa 1995 waliangalia hilo pia na hawakuona uhusiano. Mtoto kuwa wa kike au wa kiume kunatokana na aina ya mbegu ya baba iliyoingia. Kwa hiyo mama mwenye mabinti watano asisumbuliwe.

Sasa turudi kwa hao wasiopata. Mkishaijua safari, mnaona mwenyewe mahali inapoweza kukatika. Mirija ndiyo njia, na ni myembamba. Kisonono na klamidia visipotibiwa vinapanda mpaka huko, vinaacha makovu, na njia inaziba. Klamidia hasa ni mjanja, mara nyingi haionyeshi dalili yoyote. Kuzaa porini bila mkunga wala vifaa safi, kisha homa na maumivu ya tumbo la chini, navyo vinaweza kuziba mirija. Ni wangapi kati ya mama zetu walizaa njiani wakati wa kukimbia? Baadaye wanaambiwa wana chango, au wamefungwa kizazi, wanauza mgao wa unga wa mwezi kumlipa mganga awafungue. Mimi sitaki kumtukana mganga wa mtu. Nasema tu kwamba kovu kwenye mrija haliondoki kwa mizizi, na dawa ya kuingizwa ukeni inaweza kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Na siyo mama peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 anapata shida ya kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Katika ndoa zenye shida hiyo, karibu nusu, upande wa mwanaume umo, ama peke yake ama pamoja na wa mama. Matubwitubwi yaliyompata akiwa kijana mkubwa, kisonono alichojitibu kwa vidonge viwili vya dukani, sigara, pombe nyingi, kuumia sehemu za siri, vyote vinaweza kupunguza mbegu au kuziba njia yake. Akina baba, nguvu za kiume si kipimo cha mbegu. Mtu anaweza kuwa hodari kitandani na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Kwa macho huwezi kujua. Ni hadubini tu inayoona, ile ile kazi ya Mholanzi wa 1677. Hata aliyezaa zamani na mke mwingine anaweza kubadilika.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kingekuwa cha baba, kwa sababu ni rahisi, hakiumi, na kinahitaji kikopo tu. Lakini hapa kwetu tunaanza na mama, tunamzungusha miaka miwili, na baba anakuja mwisho, au haji kabisa.

Mkiwa mmekaa pamoja mwaka mzima bila kuzuia na hakuna mimba, nendeni hospitali wote wawili siku moja. Mama akiwa amepita miaka 35, msisubiri mwaka, miezi 6 inatosha. Mweleze mhudumu kila kitu: homa baada ya kuzaa, mimba zilizotoka, usaha, maumivu. Ugonjwa wa zinaa ukionekana kwa mmoja, dawa wanameza wote wawili na wanaimaliza, la sivyo wanarudishiana. Vipimo vikubwa vya mirija havipatikani kila kambi, na mara nyingi vinahitaji rufaa ya kwenda hospitali ya nje. Hiyo safari ni ndefu na mnaijua foleni yake. Ombeni hata hivyo, na jina liandikwe.

Mirija ikiwa imeziba kabisa, zamani hapakuwa na njia. Kule Uingereza mama mmoja, Lesley Brown, alitafuta mtoto miaka 9 kwa sababu hiyo. Wataalamu Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy wakakutanisha yai lake na mbegu za bwana wake kwenye kisahani cha maabara, halafu wakalirudisha tumboni. Tarehe 25 Julai 1978 akazaliwa binti, Louise Brown, wa kwanza duniani kwa njia hiyo. Mwaka 2010 Edwards alipewa Tuzo ya Nobel. Unajua kilichowachelewesha wataalamu miaka mingi kabla ya hapo? Ni kule kuivisha mbegu. Ilibidi kwanza wajifunze kutengeneza majimaji yanayoiga yale ya mwili wa mama. Matibabu hayo ni ya gharama kubwa na hapa kambini hayapo, siwezi kuwadanganya. Nimeyataja ili mjue kwamba yule mama hakuwa tasa. Yai lake lilikuwa zima, mfuko wake ulikuwa mzima, njia tu ndiyo ilikatika.

Nimalizie na lile la amri, ambalo mama mmoja alinifuata pembeni baada ya kikao akaniuliza kwa sauti ndogo. Kuna watu wanasema mwanamke aliyebakwa hawezi kushika mimba, na akishika basi moyoni alikubali. Hata kwenye ndoa za hapa kuna wanaorushiwa neno hilo kwa sababu ya mtoto waliyekuja naye kutoka vitani. Ni uongo. Nimeeleza ute, misuli, askari na majimaji, na hakuna hata kimoja kinachosikiliza ndiyo au hapana ya mwenye mwili. Siku ikiwa ni ya yai, mlango uko wazi, na misuli inasukuma bila kuuliza aliyeingia ni nani. Mimba haishuhudii kitu chochote juu ya kukubali.

Aliyepatwa na jambo hilo aende hospitali mara moja, hata usiku, hata kama haendi polisi. Asiogope kwamba amechelewa kidogo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na kila saa anayowahi ni faida. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kutolewa mpaka saa 120, yaani siku 5, na vyenyewe vinafanya kazi kwa kulichelewesha yai lisitoke. Havitoi mimba iliyokwisha kuingia. Akiweza, asioge kwanza na asifue nguo aliyovaa. Kama ameshaoga, aende hivyo hivyo. Na akitaka mtu wa kumsindikiza, amwombe mhudumu wa afya wa kijiji chake, mchana au usiku.